Pini ya Kiti cha Alec

Kila Oktoba wananiweka kiti cha mbele kanisani, chini ya bamba la shaba lenye majina manne, ili kila anayeingia anione. Mchungaji huniinamia. Dilys Prosser hunishika mkono na kuuminya mpaka pete inaniuma. Nami hukaa pale nikilitazama jina la mume wangu, Alec Birkett, na hasira niliyonayo juu yake haijapungua hata kidogo.

Najua mjane hutarajiwa kusifu. Sifa za Alec ninazo na nitazisema, maana alizistahili. Ila sitaishia hapo kama wanavyoishia wao.

Alikuwa mtoto wa muuza nyama wa Penrith, kule kaskazini kwenye vilima na mvua isiyokatika. Baba yake alitaka arithi duka, avae aproni, yaishe. Lakini wakati wa vita, Alec akiwa bado mwanafunzi, ndege za mazoezi zilikuwa zikipita chinichini juu ya bonde lao, naye akapagawa kabisa. Alipofikisha umri aliingia jeshi la anga, na mzee akanuna. Alinuna mpaka siku mwanawe alipopita na jeti juu ya soko la Penrith, kinyume cha amri zote, chini kiasi cha kutawanya kondoo waliokuwa mnadani. Alec alipewa adhabu. Mzee Birkett alifunga duka mchana kweupe akaenda kuwanunulia watu bia.

Miaka ile vijana walifunzwa kwa jeti ndogo za injini mbili, na zile jeti ziliwamaliza. Vita vilikuwa vimekwisha, hakuna aliyekuwa akiwapiga risasi, na bado maziko hayakukoma. Alec alisema tai yake nyeusi ya mazikoni haikupata nafasi ya kukaa kabatini. Yeye alipona kwa sababu alikuwa na mikono mizuri, na kwa sababu majivuno yake yote aliyaacha chini kabla ya kupanda. Kile kioja cha Penrith hakukirudia. Wakampandisha kwenye ndege za mabomu, akakaa Ujerumani miaka kadhaa, akarudi Lincolnshire na cheo, na mvi zilizomjia kabla ya wakati wake.

Mimi nilimpata kwenye kiti cha daktari wa meno. Nilikuwa msaidizi wa daktari mjini Lincoln, na siku moja akaingia huyu bwana mwenye beji ya mabawa ya rubani iliyoshonwa kifuani, shavu limevimba, anatetemeka. Mtu aliyezoea kupita juu ya mawingu kwa mwendo wa risasi aliogopa koleo. Alipoambiwa afumbe macho alipapasa hewani akiutafuta mkono wangu, akaukamata, akauliza kwa mdomo uliojaa pamba, "Upo?" Nikamwambia, "Nipo." Jino lilikuwa gumu. Kila lilipotikiswa aliuliza tena, nami nikajibu tena, mpaka daktari akasema tutoke tukaoane tumwache afanye kazi yake.

Tukaoana kweli, na Frances akazaliwa. Hadithi ya jino Alec aliisimulia kila mahali bila haya, hata mbele ya makamanda.

Kisha wakampa ile ndege kubwa nyeupe, yenye mabawa ya pembetatu, ya kubebea bomu ambalo sote tulijua ni la aina gani na hakuna aliyelitaja mezani. Tukahamia kituo cha Skelby Heath, kwenye nyumba za maofisa wenye familia, safu mbili za matofali mekundu katikati ya mashamba ya viazisukari. Upepo wa pale ulikuwa unatoka moja kwa moja baharini na hakuna kilima cha kuuzuia.

Ndege ile ilichukua watu watano, na watu hao hawakutenganishwa. Waliruka pamoja, walikwenda likizo pamoja, na zamu ya tahadhari ilipofika walilala pamoja kwenye kibanda kando ya njia ya kurukia, na buti miguuni, wakisubiri king'ora. Mbele walikaa marubani wawili, Alec na msaidizi wake Colin Tranter, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinamwotea kwa mafungu. Nyuma walikaa watatu. Ifor Prosser, mume wa Dilys, Mwelshi mnene mwenye sauti ya kwaya, ndiye aliyeongoza njia. Dougie Laidlaw wa Uskoti alitazama rada. Len Catchpole wa Suffolk alishughulika na mitambo ya umeme, na ungeweza kukaa naye mchana kutwa usipate neno.

Hawa watatu walikaa gizani, chini kidogo ya marubani, wamewapa mgongo, bila dirisha la kuonea mbele. Ifor alipoisikia hadithi ya jino aliidaka papo hapo. Tangu hapo, kila ndege ilipokuwa inashuka kutua, aliuliza kwenye simu ya ndani, "Mbele, mpo?" na Alec akajibu, "Tupo." Wakicheka hivyo walijua wamefika nyumbani. Hata wakija kwangu kula pai, Ifor alikuwa anabisha mlango na kuuliza vilevile, na Frances, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusema, akawa anajibu kutoka chini ya meza.

Sasa sikilizeni habari ya viti. Marubani wawili walikaa juu ya viti vya kujirusha. Ukivuta mpini ulio juu ya kichwa chako, kiti kinafyatuka, kinakutoa nje ya ndege na parachuti inafunguka. Wale watatu wa nyuma hawakuwa navyo. Walikuwa na parachuti mgongoni na mlango sakafuni. Ndege ikiwa juu sana wangeweza kuufungua na kuteremka mmoja mmoja. Ikiwa chini, na hasa magurudumu yakiwa yametolewa, mlango ule haukuwa na faida, maana ulifungukia nyuma ya mguu wa mbele wa ndege. Kila mtu kituoni alilijua hilo. Wakubwa walisema suala la viti vya nyuma linaangaliwa. Liliangaliwa miaka na miaka, na wanaoliangalia walikuwa wamekaa kwenye viti vyenye mito.

Kila kiti cha kujirusha kilikuwa na pini ya usalama, ili kisije kikafyatuka ndege ikiwa ardhini. Kabla ya kuruka, rubani huichomoa na kuichomeka kwenye kishikio pembeni yake. Asipoichomoa, anaweza kuuvuta ule mpini mpaka mikono imkatike na hakitatokea kitu.

Haya ya pini niliyajua kwa Dilys, kwenye sherehe ya Krismasi ya maofisa. Alikuwa amekunywa mvinyo wa sheri kidogo, macho yamelegea, akanivuta pembeni ya mti wa Krismasi.

"Thelma, mwenzangu, sijawahi kukushukuru," akasema.

"Kwa lipi?"

"Kwa pini. Ifor anasema hakuna rubani mwingine hapa anayefanya vile. Tangu aniambie, mimi nalala."

Nikamwambia sijui anachozungumza. Akajishika mdomo, kisha akanieleza, maana maji yalikuwa yameshamwagika. Alec hakuwa anaichomoa pini yake. Kabla ya kila safari aliwaambia wale watatu kwenye simu ya ndani kwamba pini ipo kwenye kiti, wajue kama wao hawatoki na yeye hatoki. Hakuna aliyemwomba. Alianza tu siku moja, akaendelea.

Nililala nalo rohoni. Asubuhi Alec alikuwa jikoni anakaanga nyama ya nguruwe, kazi ambayo mtoto wa muuza nyama hakumwachia mtu mwingine.

"Pini yako inakuwa wapi ukiruka?" nikamwuliza.

Hakujifanya hajaelewa. "Kwenye kiti."

"Na ndege ikishika moto?"

"Wakiwa na nafasi watatoka kwa mlango wao, halafu nitaichomoa nitoke."

"Wasipokuwa na nafasi?"

Akageuza kipande cha nyama. "Thelma, wanakaa nyuma yangu gizani, wamenipa mgongo, hawaoni ninakowapeleka. Siwezi kuwaendesha hivyo huku mwenzao nina mlango wangu peke yangu."

"Mbona Colin anachomoa?"

"Colin bado mtoto. Nimemwamuru."

"Na sisi?" nikasema. "Mimi na Frances tunakaa wapi kwenye hiyo ndege yako? Maana naona kila mtu ana nafasi isipokuwa sisi."

Sikumpa nafasi ya kutafuta jibu. Nilimnunia. Chakula niliweka mezani, nguo nilipiga pasi, lakini neno zuri hakupata. Nilimwambia kwamba Ifor ana mke wa kumlilia na mimi sina haja ya kumsaidia kulia. Nilimwambia kwamba Ifor alichagua kazi ile akijua mlango uko wapi. Maneno mabaya, nayarudia kama nilivyoyasema, na leo ningeyasema tena. Mwishowe alikuja kukaa ukingoni mwa kitanda nikiwa namvalisha Frances viatu.

"Nitaichomoa," akasema. "Nakuahidi. Nitakaa juu ya kiti kinachofanya kazi."

Nikamwapisha kwa kichwa cha mtoto. Akauweka mkono juu ya nywele za Frances akaapa. Alec alikuwa na kasoro zake, lakini kunidanganya hakuwahi.

Akawakusanya wale watatu akawaambia mwenyewe, maana hakutaka waende hewani wakiamini jambo ambalo halipo tena. Wao walilipokea kwa mzaha. Ifor alimwambia afadhali, alikuwa amechoka kurushwa na mjinga. Dougie alisema ni haki ya Thelma, nani mwingine atamtolea pipa la taka. Len alimpa mkono, basi.

Wake zao ndio walionionyesha. Moira Laidlaw alikuwa akiniona barabarani anavuka upande wa pili na kigari cha mtoto. Rene Catchpole aliacha kuniletea mayai. Dilys nilikutana naye kwenye duka la kambi, mimi na kikapu, yeye na kikapu. Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Umepata ulichotaka, Thelma," akasema. "Hongera."

Nikamwambia asante. Nililia nilipofika nyumbani, lakini sikujuta, na mpaka leo sijuti. Nilitaka mume wangu abaki hai. Mke gani hataki?

Ilikuwa Oktoba iliyofuata, mchana, jua jembamba. Nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba. Walikuwa wanarudi kutoka mazoezi juu ya Bahari ya Kaskazini, na nilikuwa nimeshajua mlio wa ndege yao, kila mke alijua wa kwake. Niliiona inakuja, magurudumu yametolewa, imetulia vizuri. Kisha ukatokea mshindo, na chini ya bawa ikaonekana rangi ya chungwa. Ndege ikaanza kulalia upande mmoja, ikanyooka, ikalala tena. Kitu cheusi kikaruka kutoka juu yake na parachuti moja ikafunguka.

Moja tu. Nikasubiri ya pili. Ndege ikapita nyuma ya miti ya shamba la Naylor, na ardhi ikatetemeka mpaka vibanio vikadondoka kwenye kamba.

Nawaambia ukweli wangu. Nilipoiona ile parachuti nilifurahi. Nilisema ni Alec, Alec ametoka, na kama ni mmoja tu katika watano basi ni yeye, kwa kuwa aliapa. Sikumfikiria Colin. Sikumfikiria Ifor wala Dougie wala Len. Niliingia ndani na furaha yangu mbaya, nikafanya kama ilivyo desturi ya kambi: ajali ikitokea kila mke anaingia kwake, anafungua mlango wa mbele, hampigii mtu simu, anasubiri gari la mkuu wa kituo. Nikabandika birika. Nilitoa kikombe chake.

Gari jeusi likaja polepole, mkuu wa kituo na kasisi wamekaa nyuma. Lilipita nyumba ya akina Moss. Likapita nyumba ya mwalimu wa mazoezi. Likasimama kwangu kwanza, kwa sababu mume wangu ndiye aliyekuwa na cheo kikubwa.

Jioni ileile Dilys alikuja, mjane mwenzangu, uso umevimba, akiwa amevaa koti la Ifor. Alinikumbatia hapo mlangoni kwa nguvu zote. "Hakuichomoa," akaninong'oneza. "Mungu ambariki, hakukusikiliza. Hakuwaacha." Moira akaja, Rene akaja. Walinibusu. Walinipikia supu. Wale wanawake walioninyima salamu karibu mwaka mzima walinibeba mikononi, kwa sababu mume wangu alikuwa amekufa walivyotaka wao.

Sisi wake hatukuambiwa lolote zaidi ya kwamba injini ilipasuka. Nikabaki na swali langu, na ndilo lililonila kuanzia siku ile. Pini ilikuwa ndani au nje? Kama ilikuwa ndani, basi Alec alinidanganya. Aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto akala kiapo cha uongo, kisha akaenda kufa na wenzake. Hilo niliweza kulielewa. Ningemkasirikia, ningewakasirikia wakubwa na mito yao, ningemkasirikia Ifor na kwaya yake, na siku moja labda ningesamehe, kwa sababu huenda alipoona moto alijuta, akauvuta mpini na mpini ukakataa. Nilikuwa nimeshamwona kichwani mwangu akiuvuta. Nilihitaji awe aliuvuta.

Colin Tranter alilazwa miezi mingi, uti wa mgongo umebanwa na ule mfyatuko. Sikwenda kumwona. Hakuna aliyekwenda. Alipotoka na fimbo, watu kwenye baa ya maofisa waligeuza viti. Hakuna aliyemtukana. Waingereza hatutukani, tunakupisha tu kama vile hupo, na yeye aliipata hiyo kila alipokwenda. Watu wanne wamekufa na yeye anatembea, hiyo ndiyo ilikuwa kesi yake.

Oktoba iliyofuata lilizinduliwa bamba la shaba katika kanisa la kijiji. Dilys ndiye aliyelihangaikia, na maneno yaliyochongwa chini ya majina ni yake: *Hakuwaacha*. Nilifika na Frances nikamwona Colin amesimama nje ya geti la makaburi, chini ya mti, kofia mkononi. Watu wanampita. Nikampa Moira mtoto, nikarudi getini.

"Nataka kitu kimoja tu kwako," nikamwambia. "Pini ya Alec. Ilikuwa ndani au nje?"

Akanitazama kwa mshangao. "Hawakukwambia?"

"Wangeniambia ningekuja kukuuliza?"

"Ilikuwa nje," akasema. "Tangu siku ile aliyotuambia, aliichomoa kila safari. Alikuwa ananionyesha kwanza kabla ya kuichomeka kwenye kishikio. Ananiambia, 'Wewe ndiye shahidi wa Thelma, umeona?' Siku ile pia alinionyesha."

Nilishika nguzo ya geti. Ilikuwa na unyevu wa ukungu na ilikuwa baridi, nakumbuka hivyo.

"Endelea," nikasema.

"Tulikuwa chini mno, magurudumu yako nje. Wale wa nyuma walijua, hakuna aliyesema neno la mlango. Alec akaniambia, 'Colin, ruka.' Nikainua mikono kushika mpini. Na yeye aliinua yake, Thelma. Niliona kwa macho yangu. Vidole vyake vilikuwa vimeshaushika."

"Kwa hiyo alitaka kutoka."

"Alikuwa anatoka." Colin aliizungusha kofia mikononi. "Halafu Ifor akauliza. Wala hakupiga kelele, aliuliza kama anavyouliza siku zote tukishuka. 'Mbele, mpo?' Alec akaishusha mikono. Akashika usukani, akasema, 'Nipo.' Kila siku husema tupo. Nikajua mimi ameshanitoa kwenye hesabu. Nikavuta."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakunidanganya. Alikaa juu ya kiti kinachofanya kazi, kama alivyoniahidi, neno kwa neno, na sikuwahi kumwapisha kwamba atakitumia. Sikujua kama kuna haja. Pini ilikuwa nje, mpini uko mkononi, mimi na mtoto tuko upande mmoja na sauti ya Ifor upande mwingine, na mume wangu akachagua. Nilimchukia pale getini, nikamchukia na Ifor kwa kuuliza, ingawa ni nani atamlaumu mtu aliye gizani kwa kuuliza kama yuko peke yake? Nilimlaumu. Namlaumu.

Nikamshika Colin mkono, nikaingia naye kanisani mpaka kiti cha mbele. Dilys akasimama.

"Huyu hakai hapa," akasema.

"Atakaa. Aliambiwa aruke, akaruka. Laiti wangekuwa wawili."

"Thelma, hapa ni kanisani." Akashusha sauti. "Mshukuru Mungu Alec hakukusikiliza."

Nikaona hapo ndipo pa kumpiga, nikampiga. "Alinisikiliza," nikasema. "Pini ilikuwa nje, Dilys. Colin aliiona. Alikuwa ameshashika mpini atoke, amwache Ifor wako humo ndani."

Nilimwambia na yaliyobaki, kwa sababu Colin alikuwa pale na nisingeweza kuyaficha. Nilitaka aumie angalau robo yangu. Nilimtazama akiyapokea. Machozi yalimtiririka, kisha uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeletewa zawadi.

"Kumbe alikuwa anaweza kutoka," akasema. "Thelma. Alikuwa anaweza, na akakaa. Basi alikuwa mkubwa kuliko tulivyojua."

Akamgeukia Moira akamnong'oneza, Moira akamwambia Rene, na kabla ya wimbo wa pili kanisa zima lilikuwa linanong'ona habari zangu na za mume wangu. Walimsogelea hata Colin wakampa mkono, maana sasa alikuwa shahidi. Hakubaki nasi. Mwaka huohuo aliacha jeshi akaenda Kanada kunyunyizia mashamba dawa, na alinitumia kadi kila Krismasi mpaka alipofariki.

Desturi iliyobaki ni ya Dilys pia. Kila Oktoba, mchungaji husoma majina ya bamba, na mtu wa familia hujibu kwa niaba ya marehemu, kama Ifor alivyokuwa akiuliza na kujibiwa hewani. Ifor Prosser. "Yupo," husema Dilys, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Douglas Laidlaw. "Yupo." Leonard Catchpole. "Yupo." Kisha husoma Alec Birkett, na kanisa hunyamaza likinisubiri.

Mara ya kwanza Frances alinijibia, na alinijibia miaka mingi, mpaka alipokuwa mama mwenyewe, akaja kuniuliza jikoni ni kitu gani hasa alikuwa anakijibu. Nikamweleza yote, na kiapo kilichoapwa juu ya nywele zake. Tangu siku hiyo naye amenyamaza. Watu husema ni uchungu, hata baada ya miaka yote hii, na hutoa leso.

Nami hukaa kimya nikikumbuka kiti cha daktari wa meno na ule mkono ukinitafuta hewani. Neno lile lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyemwambia nipo, nikabaki pale mpaka jino likatoka. Akalichukua neno hilo akaenda kulitumia kwingine, na mimi sina la kujibu likisomwa jina lake, kwa sababu hayupo.